Matundu Mawili kwenye Dari

Kila asubuhi saa moja na nusu, Tegan Bramley alimkuta bibi yake jikoni akitafuta birika, na birika lenyewe analo mkononi. Tegan alilichukua taratibu, akalijaza maji, akachemsha chai, akabanika mkate na kuupaka Vegemite, ule ute mweusi wenye chumvi, kidogo tu kama bibi alivyopenda. Kisha alifunga gesi, akahakikisha imefungwa, na kumwashia bibi redio karibu na kiti chake chekundu.

"Leo siku gani, Tegan?" Bibi Merle aliuliza.

"Ijumaa, Bibi."

"Basi Len atawahi kurudi."

Babu Len alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita, Tegan akiwa bado anatambaa. Zamani Tegan alikuwa akimsahihisha bibi yake, na kila aliposahihishwa bibi alilia kana kwamba msiba umetokea asubuhi ile ile. Siku hizi alimwambia tu, "Kunywa chai yako, Bibi," akabeba begi lake na kwenda shule.

Walikaa Windang, pwani ya Australia, kwenye kipande chembamba cha mchanga kati ya ziwa na bahari, katika nyumba aliyoijenga babu kwa mikono yake mwenyewe zaidi ya miaka sitini iliyopita. Mama yake Tegan, Leanne, alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mjini Wollongong. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, mikono imekunjamana kwa maji. Katikati ya saa hizo bibi alibaki peke yake, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Mwezi ule bibi alikuwa amesahau gesi mara mbili. Mara ya tatu alionekana darajani na viatu vya ndani, akielekea mahali ambapo hata yeye hakupajua. Mkaguzi wa huduma za wazee, mwanamke mpole aliyeitwa Bi Hallam, alikuja akakaa jikoni, akanywa chai, na kusema jambo lake bila kuzunguka.

"Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Nikikuta mmepata njia ya kumwangalia mchana, atabaki hapa kwake. La sivyo, kuna kitanda kwenye nyumba ya wazee, nami nitalazimika kukiandika kwa jina lake. Siwezi kungoja nyumba iungue."

Mama akanunua kamera mbili, moja ya jikoni na moja ya ukumbini, zenye kumwonyesha picha kwenye simu yake. Akaongea na jirani yao, Mama Taufa, ambaye hushinda nyumbani: Mama akiona jambo kwenye simu, atampigia, naye ataruka ua. Mwisho akamwomba bibi ruhusa, kwa sababu nyumba ilikuwa ya bibi.

"Jikoni sawa. Ukumbini sawa," alisema Bibi Merle, na siku ile akili yake ilikuwa imetulia kabisa. "Chumbani kwangu na bafuni, mwiko. Na mkiniona najikuna, mfumbe macho."

Walicheka wote watatu. Tegan alikikumbuka kicheko kile baadaye, maana hawakupata kingine cha namna ile.

Kamera zilikuwa na nyaya. Nyaya zilitakiwa kupita juu ya dari mpaka kabati la ukumbini, kwenye kisanduku cha kurekodia, na kisanduku nacho kilihitaji soketi mpya ya umeme. Mama alimpigia fundi umeme mwenye leseni, Bi Vesna Trajkovska. Fundi alikuwa na kazi hadi pomoni, akasema ataweza kufika Jumanne, siku tano baada ya Bi Hallam kurudi.

Jumapili, Mjomba Craig, kaka mkubwa wa Mama, alikuja kuchoma soseji uani. Mjomba Craig alikuwa mtu wa watu, mcheshi, na kama wacheshi wengi alijua kila kitu.

"Fundi wa nini, Leanne?" alisema, akigeuza soseji. "Matundu mawili tu. Nipe dakika kumi na bia moja."

"Dari ni ya faibro, Craig."

Faibro ni zile bodi za saruji iliyochanganywa na asbesto. Nusu ya nyumba za pwani ile zilijengwa kwazo enzi za Babu Len, maana zilikuwa rahisi na hazikuliwa na mchwa. Miaka mingi baadaye serikali ilizipiga marufuku, lakini zilizokwisha kujengwa zilibaki zimesimama, watu wakaambiwa wasizitoboe wala kuzikata wala kuzivunja.

"Faibro, faibro," Mjomba Craig alibana pua kumwiga dada yake. "Sisi tulipokuwa wadogo tulivitupa vipande vyake motoni ili vilipuke. Tulikuwa tunashindana nani chake kitalia zaidi. Na mapafu yangu haya hapa, mazima."

"Na ya baba yetu yako wapi?" Mama aliuliza.

Mjomba akarudi kwenye soseji zake. Alipoondoka aliacha drili yake kwenye banda la gari, akisema Bi Vesna akiwadanganya tarehe, wamwite.

Tegan aliyasikia yote. Alijua babu, aliyekata bodi za faibro maisha yake yote ya kazi, alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Lakini akilini mwake ugonjwa ule ulikuwa wa watu wazima wa zamani, wenye misumeno na masharubu. Dari ya jikoni kwao ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, safi, na ndege wa plastiki alining'inia kwenye taa. Hakuona kifo pale juu. Alichokiona ni kalenda ukutani, na Alhamisi imezungushiwa wino mwekundu.

Jumatatu alitoka shule na rafiki yake Mele, binti wa Mama Taufa. Bibi alikuwa amesinzia chumbani kwake. Tegan aliileta drili jikoni, akapanda juu ya meza.

Mele alibaki mlangoni. "Unafanya nini wewe?"

"Naweka kamera."

"Si fundi anakuja?"

"Anakuja Jumanne ya wiki ijayo. Huyo mama mkaguzi anakuja Alhamisi hii. Hebu piga hesabu."

"Tegan, kwetu hatupigi hata msumari. Mama anasema faibro ukiichokoza inakulipa ukiwa mzee."

"Kwenu hamna bibi wa kupelekwa nyumba ya wazee. Nishikie meza."

"Sishiki," alisema Mele. "Sikai hata humu. Na wewe shuka, bwana, acha wazimu." Alipoona rafiki yake hashuki, akageuka akaenda zake kwao, naye hakuwa mtoto wa kukimbia ovyo.

Tegan alitia pamba masikioni. Hakuzima umeme wa nyumba, maana hakujua kwamba huzimwa. Hakujua nyaya za taa zilipita wapi juu ya dari. Alibonyeza, drili ikalia, na vumbi la kijivu likaanguka laini kama unga, kwenye nywele zake, shati lake la shule, mezani, kwenye mkate wa bibi uliobaki kwenye sahani. Alitoboa la pili ukumbini. Akasukuma waya kwa fimbo ya pazia mpaka ukatokea upande wa pili, akaunganisha kila kitu kwenye soketi ya zamani, akafunika matundu kwa vitako vya kamera. Vikakaa sawasawa. Wahenga walionya kuhusu kutoziba ufa, lakini hawakutuambia lolote kuhusu kuuziba ili mama asiuone.

Alichukua kifyonza vumbi akasafisha jikoni na ukumbini, vizuri, pembe zote, kama mtoto aliyelelewa. Alikuwa akikunja waya wa mashine ile bibi yake aliposimama mlangoni.

Bibi Merle alimtazama shati. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mwanamke kijana mwenye kazi nyingi.

"Len," alisema. "Nimekwambia mara ngapi? Vua huko nje, usiniletee vumbi lako ndani."

"Bibi, ni mimi, Tegan."

"Vua, vua." Akamvua shati mwenyewe, akatoka nalo uani, akalikung'uta kwa nguvu, puh, puh, uso wake ukiwa ndani ya vumbi. Halafu akajaza karai na kuanza kulifua kwa mkono, polepole, akiimba wimbo kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo Tegan alipoelewa. Vumbi lile babu alikuja nalo nyumbani miaka thelathini, na bibi alilikung'uta miaka thelathini. Vumbi lile lile sasa lilikuwa kwenye nywele zake. Akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Aliogopa, na aliona haya. Zaidi ya yote aliogopa kwamba akisema, kamera zitashushwa kabla ya Alhamisi.

Mama aliporudi aliziona kamera akasimama katikati ya jikoni na mkoba begani.

"Nani kaweka hizi?"

"Mjomba Craig. Alipita mchana."

"Ametoboa?"

"Hapana," Tegan alijibu. "Kulikuwa na tundu la taa ya zamani. Ametumia hilo hilo."

Mama alikuwa amesimama kwa miguu yake saa kumi nzima. Mtu aliyechoka hivyo hudanganyika kwa urahisi, hasa akiambiwa analotaka kusikia. Alifungua simu yake, akamwona bibi kwenye kioo kidogo, ameketi kwenye kiti chekundu anakula biskuti, na macho yakamjaa machozi.

"Mungu ambariki mjomba wako," alisema. "Kumbe leo kafanya la maana."

Kesho yake Mele alimngoja Tegan langoni mwa shule.

"Umemwambia mama yako?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya Alhamisi."

"Vumbi halijui Alhamisi, Tegan."

"Ukisema neno, mimi na wewe basi. Nakuapia."

Mele hakusema. Lakini kuanzia siku hiyo hakutia tena mguu nyumbani kwa kina Tegan, na alipoulizwa na mama yake sababu, alidai ana mazoezi.

Alhamisi Bi Hallam alikuja. Alizitazama kamera, akaitazama simu ya Mama, akaongea na Mama Taufa kwenye ua. Bibi alimkaribisha chai na kumwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Bi Hallam akatabasamu, akaandika.

"Miezi sita," alisema. "Abaki kwake miezi sita, kisha tutaona."

Mama alimkumbatia Tegan mpaka mbavu zikauma. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Tegan aliujua. Alijiambia atasema Ijumaa. Ijumaa akajiambia baada ya wikendi. Mama, kama kawaida yake, alipitisha kifyonza vumbi nyumba nzima kila jioni, kwa sababu bibi humwaga makombo kila aendako: jikoni, sebuleni, kwenye kapeti, kwenye mapazia, mpaka juu ya godoro la bibi. Kila mashine ile iliponguruma, Tegan alitoka nje akajifanya analisha kuku wa Mama Taufa.

Jumanne Bi Vesna alifika na ngazi yake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alikwenda kwenye sanduku la meni swichi akazima umeme wote. Kisha akatandika nailoni chini. Kisha akavaa barakoa.

"Yote hayo kwa soketi moja?" Mama alimtania.

"Nyumba ya umri huu, dada, mimi huiamkia kama mama mkwe. Siingii bila adabu."

Alipanda ngazi, akaichunguza kamera ya jikoni, akakaza macho kwenye ukingo wa kitako chake. Hakuifungua. Alitoa tochi akaingiza kichwa kwenye mlango mdogo wa dari, akakaa humo kitambo, akashuka polepole, ngazi kwa ngazi.

"Nani ametoboa hapa?"

Bibi alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari.

"Mjomba Craig," alisema Tegan, na sauti yake ilitoka nyembamba.

Mama aligeuka. "Uliniambia hakutoboa." Akapiga simu hapo hapo, akaiweka kwa sauti kubwa, na alivyomwandama kaka yake, hata Bi Vesna alitazama chini. Mjomba Craig alimngoja amalize.

"Leanne, mimi sijakanyaga kwako tangu ile Jumapili ya soseji. Nilikuwa mjini Nowra wiki nzima."

Hakuna aliyemtazama Tegan. Hawakuwa na haja. Alikuwa ameanza kulia kabla mjomba hajamaliza.

"Ni mimi," alisema. "Nilitoboa mimi. Jumatatu ile. Nilitaka Bibi abaki."

Kwenye simu Mjomba Craig alivuta pumzi ndefu. "Drili ni yangu," alisema. "Na yale maneno ya kijinga yalikuwa yangu. Usimpige mtoto, Leanne."

Mama hakumpiga. Labda angempiga ingekuwa afadhali. Alisimama tu, simu mkononi, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Ulisafisha kwa kutumia nini?" Bi Vesna alimwuliza Tegan, bila ukali.

"Kwa kifyonza vumbi."

"Hiki hiki cha nyumbani? Na tangu siku ile kimetumika?"

Jibu alilitoa Mama. "Kila jioni. Vyumba vyote. Mpaka godoro la mama yangu."

Bi Vesna alifumba macho kidogo. "Sikilizeni. Hizi nyuzi za asbesto ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Kifyonza cha kawaida kinazinyonya huku kinazipuliza kule nyuma, zinaruka hewani. Angelisema siku ile ile, tungefunga vyumba viwili, watu wenye leseni wangefuta kwa vitambaa vya maji na mashine zao maalumu, siku mbili mmerudi. Sasa ni nyumba nzima." Alimgeukia Tegan. "Na tundu lako la jikoni limepita kando ya waya wa taa. Upana wa kidole. Huo ungekuua siku hiyo hiyo, usingengoja uzee. Sheria ya kufunga nyaya iliandikwa na watu waliokwisha kuzika wenzao, mwanangu." Akavua glovu. "Tokeni nje wote. Polepole. Msichukue kitu."

Kesho yake maabara ilithibitisha kwamba vumbi lile lilikuwa na asbesto. Wakaja wanaume wanne wa kampuni ya kuondoa asbesto, wamevaa nguo nyeupe za karatasi na vinyago, wakaizungushia nyumba ya Babu Len nailoni na vibao vyekundu vya hatari. Familia ilisimama upande wa pili wa barabara, pamoja na Mele na mama yake. Vilitolewa kapeti, mapazia, magodoro, vitabu vya picha, kila kilichonywa vumbi na kisichoweza kuoshwa, vyote vimefungwa nailoni mara mbili, kwenda kufukiwa. Mwisho kikatoka kiti chekundu, kimebebwa na wawili.

Bibi Merle aliwatazama wale watu weupe na kile kitu walichokibeba.

"Nani kafa?" aliuliza.

Mama Taufa alivua shali yake akamfunika mabega.

Mama na Tegan walilala kwenye sebule ya Mjomba Craig, katika fleti ya chumba kimoja na bafu moja, juu orofa ya tatu. Bibi hakuweza kupanda ngazi zile, wala hakukuwa na mtu wa kukaa naye. Bi Hallam akaja tena na karatasi zake. Kile kitanda kilikuwa bado kipo.

"Ni kwa muda tu," alisema Mama.

"Ni kwa muda," alikubali Bi Hallam, lakini alisema akiangalia karatasi.

Daktari aliwapima Tegan na mama yake na kuandika tarehe ile kwenye mafaili yao. Tegan alimwuliza swali alilokuwa nalo wiki nzima.

"Nitakufa kama Babu?"

"Babu yako alivuta vumbi hilo miaka thelathini, kila siku ya kazi," daktari alisema. "Wewe umelivuta kidogo. Uwezekano ni mdogo sana, nami sikufichi, lakini hakuna daktari atakayekwambia ni sifuri. Ukiwa mtu mzima, ukimwona daktari yeyote kwa ajili ya kifua, mwambie siku hii. Usiifiche."

Kazi ilichukua wiki saba. Dari yote ilishushwa, ikawekwa mpya ya jasi isiyo na asbesto, na nyumba ikapewa cheti cha usafi. Bi Vesna alirudi akafunga soketi ya kisanduku. Safari hii kamera hazikugusa dari. Alizisimamisha juu ya rafu, nyaya zimepita ndani ya mfereji wa plastiki uliobandikwa ukutani, mbali na waya wa umeme. Zilifanya kazi vizuri mno. Mama alifungua simu, akaona jikoni safi, meza mpya, na hakuna mtu.

Siku iliyofuata walikwenda kumchukua bibi. Daktari wa nyumba ya wazee aliwapokea kwenye veranda.

"Wiki ya kwanza alianguka mara mbili akitafuta mlango wa jikoni kwake," aliwaambia. "Ya tatu aliacha kutafuta. Sasa hawezi kula bila kulishwa, hajui mchana na asubuhi. Mkimhamisha tena mtampoteza kabisa. Na hata nyumbani, kamera haimlishi mtu wala haimwinui akianguka. Ushauri wangu, mwacheni hapa."

Mama alitia sahihi. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi mezani, na uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame.

Bibi Merle aliketi dirishani kwenye kiti cha kijani ambacho hakikuwa chake. Tegan alipiga magoti mbele yake.

"Wewe ni yule msichana wa dobi?" bibi aliuliza kwa heshima.

"Mimi Tegan, Bibi."

"Aa. Mwanangu, nisaidie. Nyumbani kwangu nitarudi lini?"

Mwuguzi aliyekuwa karibu alimwinamia Tegan sikioni. "Mwambie kesho. Sisi sote humwambia kesho, anatulia."

Tegan alimtazama mama yake.

"Hutarudi, Bibi," alisema Tegan. "Mimi nilitoboa dari, nikaleta vumbi ndani ya nyumba, halafu nikaficha. Nisamehe."

Bibi aliinama kidogo. Kisha alimpapasa shavu. "Ulimwambia mama yako?"

"Nilimwambia. Lakini nilichelewa."

"Basi," alisema Bibi Merle. "Basi, usilie." Akageuka dirishani.

Garini, Mama hakuwasha injini. Aliweka mikono kwenye usukani, na alipozungumza hakuwa na hasira tena. Hasira ingekuwa na matumaini kidogo ndani yake.

"Nataka unisikie, kwa sababu sitalisema tena. Kutoboa lilikuwa kosa la mtoto anayempenda bibi yake. Hilo nililisamehe siku ile ile. Kazi yenye hatari ina wenyewe, na wenyewe hungojwa, hata kama roho inauma, hilo umejifunza. Lakini kilichoimaliza nyumba si drili. Ni zile siku nane. Ungeniambia Jumatatu, tungepoteza vyumba viwili kwa siku mbili, na Bi Hallam angetuongezea wiki, ni mtu wa kusikia. Ulinyamaza ili Bibi abaki, na kunyamaza ndiko kulikomtoa. Mficha maradhi, Tegan, kifo humuumbua, na si lazima kiwe kifo chake."

"Nitafanya nini sasa, Mama?"

"Hakuna cha kufanya. Kuna cha kusema tu. Leo umelisema, na utaendelea kulisema."

Tegan hakuelewa neno hilo la mwisho mpaka Jumapili iliyofuata. Bibi alikuwa kwenye kiti kile kile cha kijani. Alimpokea kwa heshima kama mgeni, akamwuliza kama yeye ndiye msichana wa dobi, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, nisaidie," alisema. "Nyumbani kwangu nitarudi lini?"

Tegan alipiga magoti, akaanza upya.